Zege la Shemeji Norris

Shemeji yangu Norris Tasker alinunua karavani kabla hajajua ataiweka wapi, na ujinga wote ulianzia hapo. Nazungumzia ile nyumba nyeupe ya magurudumu mawili unayoifunga nyuma ya gari ukaenda nayo likizo, ina kitanda, ina jiko, na ina choo ambacho mtu mzima anaingia kinyumenyume. Nusu ya mtaa wetu hapa Lincolnshire wanazo. Zimeegeshwa ubavuni mwa nyumba mwaka mzima, zimefunikwa turubai, na wenyewe wanaziosha kila Jumamosi utadhani Jumapili wana safari. Hawana safari yoyote. Wanarudi ndani kunywa chai.

Aliyetaka kusafiri ni dada yangu Lorna. Alitaka kwenda Northumberland, kule kaskazini, kuwaona wale ndege wa baharini wafupi wanene, wenye midomo ya rangirangi kama waliopakwa na mtoto, wanaokuja visiwani kutaga wakati wa kiangazi. Alikuwa akiwataka tangu tukiwa wadogo. Maisha yake yote ameyamalizia kwenye jiko la shule akiwapondea viazi watoto wa watu, na kila mwaka Norris alimwambia, "Tukistaafu, mke wangu, tutakwenda." Haya, wakastaafu. Sasa ndege wale hawana subira na mtu. Julai ikiisha wanaondoka wote, wanarudi katikati ya bahari, na visiwani panabaki mavi yao tu. Kiangazi cha kwanza cha kustaafu kilipita Norris akichagua karavani. Cha pili ndicho hiki ninachosimulia.

Na magoti ya Lorna yalikuwa yameanza kumkataa. Kule visiwani unafika kwa boti, unashuka kwenye mawe yenye utelezi, unapanda ngazi.

"Mwakani sitaziweza zile ngazi, Thelma," aliniambia mwezi wa nne, tukiwa jikoni kwake. "Ni mwaka huu au basi tena."

"Si mfunge hiyo karavani nyuma ya gari muende? Tatizo liko wapi?"

"Norris anasema lazima kwanza kuwe na mahali pa kuiweka."

"Si iko kwenye ghala la Cuthbert Pell? Inamla nini huko?"

"Anasema mtu hawezi kuondoka kama hana mahali palipo tayari pa kurudi."

Salaale! Nilichungulia dirishani. Shemeji alikuwa amelala kifudifudi kwenye nyasi ubavuni mwa nyumba, shavu limegusa udongo, jicho moja amelifumba, anatazama kama ardhi imenyooka. Jirani akipita bila habari angeita gari la wagonjwa.

Mtu huyu, ili mumwelewe, alikuwa mkaguzi wa mizani. Alizunguka kwenye maduka ya wilaya nzima akiwapimia wauza nyama na wauza samaki mizani zao, akiwasimamia mpaka jasho liwatoke. Amestaafu, lakini ukaguzi haujamtoka. Nyumbani kwake sukari inawekwa kwenye chai kwa kijiko kilichosawazishwa kwa kisu. Mtu kama huyo ukimwambia atengeneze sakafu ya zege ya kuegeshea karavani, umemkabidhi kazi ya kumtosha mpaka kaburini.

Na zege ni nini? Unachimba, unamwaga kifusi, unashindilia, unazungushia mbao pembeni, unalaza wavu wa chuma, unamwaga zege, unasawazisha, basi. Baba yetu alimwaga sakafu ya banda la trekta siku moja, na jioni akaenda kucheza vishale na wenzake. Norris alichimba mwezi mzima wa nne. Alikata nyasi zote zilizokuwa chini ya kamba ya Lorna ya kuanikia nguo, akaiondoa na kamba yenyewe, na kuanzia siku hiyo mashuka yakawa yanaanikwa kwenye ngazi ya ndani. Kisha akaweka mbao. Kisha akazing'oa mbao. Kisha akaziweka tena, kwa sababu maji ya mvua, alisema, lazima yatiririke kuelekea kwenye mfereji na si kuelekea ukutani.

"Shemeji," nikamwita juu ya ua, "mvua ikinyesha maji yenyewe yanajua pa kwenda."

"Maji hayajui chochote, shemeji," akanijibu bila kuinua kichwa, pima maji mkononi. "Maji yanaelekezwa."

"Na mke wako ataelekezwa lini?"

"Kila kitu kwa utaratibu wake."

Nilicheka mpaka nikakohoa. Siku hiyo nilimsimulia kila niliyekutana naye dukani.

Mwezi wa tano akamwaga zege. Alikodi mashine ya kuchanganyia, akaizungusha tangu asubuhi, na mtaa mzima ukapita pale mmoja mmoja kusema maneno yetu ya kawaida, "Naona una kazi, Norris," naye anajibu, "Ndiyo, nina kazi." Hakuna aliyemwambia kwamba hali ya hewa ilikuwa inageuka. Hapa kwetu humwambii mtu kitu kama hicho. Unamtakia mchana mwema unakwenda zako, ukifika kwako ndipo unamwambia mkeo kwamba yule bwana amekwisha. Mvua ikanyesha. Sakafu ikawa na vishimo kama uji uliopoa. Norris akaivunja yote.

Alipomwaga mara ya pili, paka wa Bi. Pickering akakatiza juu yake zege likiwa bichi. Mtu mwingine angecheka, angeacha zile nyayo ziwe kumbukumbu. Norris akachimbua upande mzima.

Lorna alikuwa anamletea chai. Hilo ndilo lililokuwa likinichoma. Asubuhi chai, mchana mkate wa jibini, alasiri chai tena, huku kalenda ikiwa ukutani na yeye mwenyewe anaiona. Nikimkuta peke yake namwambia, "Mume unaye, dada. Wenzako wameolewa na watu, wewe umeolewa na rula." Anacheka kidogo, anafuta meza. Nikamwambia Norris angekuwa wangu ningemzika chini ya hilo zege na lingenyooka vizuri tu. Anacheka kidogo tena.

Mnaweza kuuliza, kwa nini Lorna asiendeshe mwenyewe? Kuendesha anajua. Anajua kuliko Norris na kuliko mtaa huu wote ukiwajumlisha. Tulikulia shambani, na msimu wa kuvuna viazi ni Lorna aliyekuwa juu ya trekta, msichana mwembamba mwenye misuko miwili ya nywele, anarudisha trela la viazi kinyumenyume ndani ya ghala, pembeni pamebaki nafasi ya kupitisha kiganja tu, na baba hasimami hata kumwangalia. Lakini alipoolewa, gari likawa la Norris. Norris akiwa ndani ya gari, Norris ndiye anayeshika usukani. Hawakuwahi kugombana juu ya hilo. Lilikuwa hivyo tu, kama lilivyo kwenye nyumba nyingi za watu wa umri wetu.

Basi, sakafu ikakauka. Yaani ikakauka kwa macho ya watu wenye akili. Kwa macho ya Norris ilikuwa bado inakomaa. Akaifunika magunia, akawa anayamwagilia maji asubuhi na jioni, anayapapasa kama mtoto mwenye homa. Mwezi wa sita ukaisha hivyo, na Julai nayo ikaingia ikaanza kuliwa. Mpaka siku moja, wiki ya tatu ya Julai, akayaondoa magunia, akaipigapiga sakafu kwa kisigino, akasema mbele yetu wote, "Imekuwa tayari."

Lorna aliingia ndani. Nilimsikia akifungua kabati la juu yalipo masanduku.

Siku ya pili yake Cuthbert Pell akaileta karavani kwa trekta lake. Ni mkulima mkubwa wa mwili, haongei ila kwa sababu. Akaisimamisha barabarani mbele ya nyumba, akaitazama ile sakafu, akamtazama Norris.

"Niiingize?" akauliza.

"Asante sana, Cuthbert. Nitaiingiza mwenyewe."

"Ni dakika moja tu."

"Umeshanisaidia vya kutosha, ndugu yangu."

Cuthbert akafungua karavani kutoka kwenye trekta, akagusa kofia yake, akaondoka. Hamna mwanamume wa hapa ambaye angejibu tofauti. Kwa watu wa karavani, kuirudisha kinyumenyume mahali pake ndio mtihani wenyewe. Kwenye kambi za likizo watu wanatoa viti nje kabisa, wanakaa na vikombe vyao, wanamtazama mgeni anavyorudisha ya kwake. Aliyeingiziwa karavani na mwenzake akiwa mzima wa afya, afadhali arudi nyumbani.

Norris akaifunga nyuma ya gari lake, akajiweka sawa mkao, akaweka vioo vya pembeni sawa, akaviweka sawa tena. Na mtaa mzima ukakumbuka ghafla kwamba maua yana kiu. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi ile ile! Lakini Bwana Ormerod wa ng'ambo ya barabara alikuwa nje na ndoo yake ya kumwagilia, Bi. Pickering yuko nje na ya kwake, na wale wa nyumba ya pembeni, ambao maua hawana, wakatoka wakawa wanafagia.

Akarudi nyuma. Sasa karavani, ukikata usukani kulia, yenyewe inakwenda kushoto. Norris alilijua hilo kwa kusoma, na kulijua kwa kusoma na kulijua kwa mikono ni vitu viwili. Ikaenda upande, akaifuata, ikazidi, na gari na karavani vikajikunja kama kiwiko.

"Imebaki kidogo tu, Norris!" Bwana Ormerod akasema kwa adabu. Haikubaki kidogo. Ilikuwa imeelekea kwenye sanduku la posta.

Akaenda mbele, akarudi nyuma. Mbele, nyuma. Ikapanda ukingo wa barabara. Ikamkanyaga kibete wa udongo wa Bi. Pickering, sanamu lake la bustanini, yule mwenye kofia nyekundu anayevua samaki kwenye beseni, ikamsaga. "Usijali kabisa, Norris, sikuwa nampenda," Bi. Pickering akasema, na midomo yake ilikuwa imekauka. Shati la Norris lilikuwa limelowa mgongo mzima. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiukuta cha Lorna, na sitaki kusema uongo, nilikuwa nafurahia kuliko sinema. "Shemeji!" nikamwita. "Sakafu iko upande huu! Ile iliyonyooka!"

Lorna alikuwa amesimama mlangoni.

Hatimaye Norris akashuka. Akachukua utepe wake wa kupimia, akaenda kwenye sakafu, akachuchumaa, akapima mdomo wa sakafu hiyo pale inapopakana na barabara, akasimama, akakohoa.

"Kosa nimeliona," akasema. "Mdomo wa sakafu ni mwembamba. Lazima tuupanue, tumwage kipande kingine cha zege hapa na hapa. Mwezi mmoja tu, liwe limekomaa."

"Mwezi?" Lorna akauliza.

"Zege halilazimishwi, mke wangu."

"Mwezi, Norris, watakuwa wameshaondoka."

"Basi tutawaona mwakani. Ndege hawahami dunia."

Lorna akashuka zile ngazi za mlangoni moja moja, kwa sababu ya magoti. Akamfuata pale kwenye sakafu, akasimama mbele yake, akanyoosha mkono.

"Nipe ufunguo."

"Lorna, hii si kama—"

"Nipe ufunguo, baba."

Akampa. Nadhani alimpa kwa kuchoka. Lorna akaingia, akasogeza kiti mbele, akafungua dirisha akatoa kichwa nje kama alivyokuwa akifanya kwenye trekta. Akaenda mbele kidogo, akanyoosha. Kisha akarudi nyuma polepole, mkono mmoja chini kabisa ya usukani, haukunjwi wala haunyooshwi kwa nguvu, unacheza tu kidogokidogo, na karavani ikazunguka pembe, ikaingia kwenye lile zege ikasimama katikati. Nafasi ya kushoto na ya kulia zilikuwa sawasawa. Mara moja! Hakurudia hata mara moja. Bwana Ormerod akaweka ndoo chini akapiga makofi, yale makofi yetu ya kwenye kriketi, mawili matatu, na wengine wakafuata. Machozi yalinilenga, sijui kwa nini.

Norris naye uso ukamchanua. Aibu haikudumu hata dakika. Akakimbilia gereji akatoka na turubai jipya limekunjwa kwapani.

"Safi kabisa, mke wangu! Safi! Sasa tuifunike ipumzike."

Injini ilikuwa bado inanguruma. Lorna hakuizima.

"Norris," akasema, "masanduku yako nyuma ya mlango. Yalete."

"Masanduku gani?"

"Yangu na yako. Tunaondoka."

"Leo?" Akatazama sakafu, akatazama barabara. "Lakini ndiyo kwanza imeingia! Lorna, ndiyo kwanza imekaa mahali pake!"

"Leo."

Turubai likamtoka kwapani. Alisimama pale, mzee mzima wa mizani, mbele ya watu wote na ndoo zao, akasema kwa sauti ndogo ambayo kila mtu aliisikia, "Naogopa, Lorna. Barabara kuu, yale malori, kitu kile kinayumba nyuma yangu. Tangu tuinunue sijalala vizuri. Naogopa tu."

Loo! Kumbe! Miezi minne ya kuchimba na kuvunja, magunia na pima maji, paka na maji yanayoelekezwa, kumbe mtu anaogopa malori! Nilicheka. Nilicheka kwa sauti nikashika mbavu. Wengine walikuwa wanatazama viatu vyao.

Kisha nikakumbuka la kufanya, nikakimbia nyumbani kwangu, ni nyumba ya tatu tu. Mkoba wangu ulikuwa umefungwa tangu mwezi wa tano. Nilijua mambo yataishia hapa. Nilijua Norris atashindwa, na nilijua nani atakaa pembeni ya Lorna siku hiyo. Nilishanunua hata koti la mvua la kwendea kwenye boti. Nikarudi nahema, koti begani, viatu vya matope vinaning'inia kwenye mkoba, nikashika mpini wa mlango wa gari.

"Sogea tuondoke, dada," nikasema. "Huyu mwache aitunze sakafu yake."

Lorna alinitazama kupitia dirishani.

"Wewe baki, Thelma."

"Nani?"

"Wewe. Baki."

"Atakusaidia nani njiani? Huyu? Huyu aliyekula miaka yako miwili na mwiko mkononi?"

"Huyu amesema anaogopa, amelisema mbele ya mtaa mzima. Wewe umecheka." Sauti yake haikupanda. "Ulijua tangu mwanzo kwamba naweza kuivuta mwenyewe. Hakuna anayelijua hilo kuliko wewe. Kila siku ulikuwa jikoni kwangu, na hata siku moja hukuniambia, Lorna, chukua ufunguo. Ulikuwa unaniambia tu jinsi alivyo mjinga. Mimi nikawa naenda kulala na hayo maneno, kalenda ikiwa ukutani."

Nikatafuta hiyo siku moja, nikaipitia miezi yote, wa nne, wa tano, wa sita. Mkono wangu ukaachia mpini wa mlango wenyewe.

"Norris," Lorna akasema, "usukani ni wangu. Wewe utashika ramani. Ukiogopa fumba macho. Panda."

Na akapanda! Alileta masanduku, akayaingiza kwenye karavani, akapanda upande wa abiria, kiti ambacho hajawahi kukikalia ndani ya gari lake mwenyewe, magoti ameyabana, ramani ameikumbatia kifuani. Karavani ikatoka kwenye zege, ikapita kwenye vipande vya yule kibete, ikanyoosha barabarani. Lorna aliwasha taa ya kukata kulia pale mwisho wa mtaa, akasubiri lori lipite, akaingia.

Iliniuma. Iliniuma sana, na inaniuma hata nikisimulia. Nilikuwa nimesimama katikati ya lile zege tupu la Norris, na watu hawajaondoka.

"Ulikuwa unasafiri nao, Thelma?" Bwana Ormerod akaniuliza kutoka ng'ambo.

"Hapana," nikasema. "Nimekuja kuwaaga tu."

Alitazama koti, akatazama mkoba, akatazama viatu vya matope.

"Bila shaka," akasema kwa adabu zote, akainua ndoo yake, akaendelea kumwagilia maua yaliyolowa.